Mkulima wa Kwenye Shairi

Matilda, Mpare aliyemtunza mkulima mzee kutoka Ireland katika fleti ya binti wa mzee huyo pale Point, Durban, alizoea kumsomea mashairi ambayo mzee mwenyewe aliyatunga enzi za shamba. Asubuhi moja ya mwaka 1998 alimsomea lile la viazi vilivyoozea ardhini mwaka aliofiwa na mkewe, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuvichimba.

Mzee alisikiliza huku machozi yakimtiririka.

"Nani katunga?" aliuliza.

Matilda akalifunika kwa kiganja jina lililokuwa juu ya jalada la kitabu.

"Mkulima mmoja wa kwenu, mzee."

"Maskini. Sasa anatunzwa na nani?"

Matilda akamshika mkono, ule wenye sugu za jembe ambazo miaka ya mjini haikuzilainisha.

"Ana mtu," akasema.