Mluzi wa Pimbi

Zama zile wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko pembe, chakula chao kilihifadhiwa ghalani kwa Tai, juu mawinguni. Pimbi ndiye aliyekiteremsha kwa kamba, huku akipiga mluzi. Baraza likamweka Nguchiro kando: mluzi ukikatika, ashike kamba yeye.

“Utazeeka ukisubiri, bwana,” Pimbi alimwambia, kwa kuogopa kupokonywa kazi.

Siku moja homa ikamlegeza Pimbi mikono. Kamba haikusogea, lakini mluzi hakuuacha. Digidigi, aliyekuja na mwanawe mwenye njaa, akalalamika barazani.

“Mluzi si tunausikia?” Baraza likajibu. “Basi chakula kinashuka.”

Digidigi akamwendea Pimbi mwenyewe. “Kaka, mtoto hatafuni mluzi.”

Pimbi akamtazama yule mtoto, akaukata mluzi. Papo hapo Nguchiro akaidaka kamba, kikapu kikashuka. Mtoto akala, Baraza likaitisha kikao cha dharura kuhusu kukatika kwa mluzi.

“Haya, kazi umeichukua,” Pimbi akasema kinyonge.

“Nimewekwa ili uweze kuugua, ndugu yangu. Lala. Kesho homa yaweza kuwa yangu.”

Pimbi akalala. Alipopona alikaa kando, akiusikiliza mluzi wa Nguchiro. Na siku Nguchiro alipoanza kukohoa, Pimbi alikuwa ameshainuka.