Kichwa cha Baba

Ilikuwa siku ya ishirini na mbili tangu aanguke, na Mzee Mwero bado amekataa kuvua kofia.

Alikula nayo, akalala nayo, akasali nayo. Kichwa kilipomwasha, alikwenda kukisugua kwenye mwimo wa mlango, kofia juu yake, maana mikono yote miwili ilikuwa ndani ya plasta, vidole tu vikichungulia. Mtu ana miaka hamsini na tisa, bado anapanda mnazi! Aliteleza karibu na chini, akajikinga kwa mikono, ikavunjika yote miwili. Tangu atoke hospitali ya Msambweni, mwanawe Feisal ndiye aliyemlisha na kumwogesha hapo nyumbani, kijijini Waa.

"Baba, leo nikuoshe kichwa," Feisal alisema asubuhi ile, kama alivyosema asubuhi zote.

"Kichwa changu hakina neno. Nioshe miguu."

Feisal alikuwa kinyozi mjini Ukunda, na si kinyozi wa kubahatisha. Kwenye ukuta wa duka lake alikuwa amechorwa yeye mwenyewe, nywele nyeusi tii, na wateja walikuja wakisema, "Ninyoe kama wewe." Lakini baba yake hakuwahi kukaa kwenye kiti kile hata siku moja. "Utanyoa nini hapa?" husema, huku akijipiga kipara chake kofi, watu wakacheka.

Feisal hakucheka. Kichwa kile, kinachong'aa kama sufuria mpya, kilimtisha tangu alipokuwa shule ya msingi, wenzake wakimwambia, "Ngoja tu, chako chaja." Alizoea kukitazama mara moja, haraka, kisha akageuza macho. Marehemu mama yake peke yake ndiye hakuupenda mzaha huo. Watu wakianza habari za kipara, yeye alikuwa akishika ndoo na kutoka nje.

Kwa hofu hiyo Feisal aliwahi kutafuta dawa mapema. Daktari wa ngozi kule Mombasa alimuuliza swali moja tu.

"Baba yako ana kipara?"

"Kama yai, daktari."

"Basi usingoje zianze kutoka. Anza sasa. Na ukianza, usiache."

Hakuacha. Mwaka wa tatu huo: kidonge asubuhi, dawa ya matone usiku, maji ya kitunguu Jumatatu na Alhamisi, mafuta ya mnyonyo siku zilizobaki. Shuka zilinuka, mto ulinuka. Haogi baharini, havai kofia hata jua liwe kali vipi, na halali kabla ya kukagua kitana chake kwa tochi ya simu. Akikosa dawa siku moja, moyo unamwenda mbio mpaka kesho yake. Alikuwa amefungwa na kichwa chake mwenyewe, kama mbuzi kwenye kamba, akizunguka palepale.

Fauzia, mchumba wake, alikwisha kumwambia kwamba yeye anaolewa na mtu, haolewi na nywele. Haikusaidia kitu. Arusi ilikuwa mwezi ujao, na kila Fauzia alipotaja watoto, Feisal aliona kijana wake wa kiume naye amesimama mbele ya kioo, anamlaani baba yake.

Lakini asubuhi ile aliogopa jambo jingine. Daktari wa Msambweni alikuwa amewaonya kwamba mtu aliyeanguka aangaliwe kichwa vizuri, huenda ameumia asiseme. Na huyu hapa, wiki tatu, hataki kuguswa.

"Baba, una jeraha. Wanificha."

"Sina jeraha."

"Basi nikuvue nione."

"Feisal, niache. Nimekuomba kwa heshima, niache."

Feisal akaitua ndoo kwa kishindo, maji yakamrukia baba yake kanzu nzima. Alikuwa amechoka kubembeleza.

"Waona haya ya nini? Kipara chako nakijua! Nimekiogopa maisha yangu yote. Wenzangu wamerithi mashamba, mimi nimerithi hicho! Usiku silali kwa sababu yako, baba. Kwa sababu ya hicho kichwa chako!"

Loh! Alijuta kabla hajafunga mdomo. Baba yake, mtu aliyemsomesha kwa kukwea minazi ya watu, hakuwa amewahi kumwinulia hata sauti.

Na hata sasa hakumgombeza. Aliketi juu ya kigoda na kuinamisha shingo.

"Haya, ivue," alisema. "Nami nimechoka."

Feisal akaivua kofia taratibu, akijiandaa kuona damu iliyoganda.

Hakukuwa na jeraha. Kulikuwa na nywele. Nywele nzito, urefu wa punje ya mchele, mvi za kuhesabika, zimejaa kutoka kisogoni hadi kwenye paji la uso, bila pengo hata la ncha ya kidole. Mkono wake wa kinyozi ukapita juu yake mara ya kwanza, ukapita mara ya pili, ukikitafuta kipara.

"Baba… kumbe wanyoa?"

"Kila alfajiri. Tangu ulipoanza kutambaa."

"Lakini kwa nini?"

Mzee Mwero hakuinua kichwa.

"Nilitaka siku nywele zako zikianza kutoka, watu wanitazame mimi, wasimtafute baba mwingine mwenye kipara."