Fyuzi ya Pampu

"Tena?" Melchior aliuliza, mikono bado ina grisi ya gari nyingine.

"Tena," alijibu Victorine. "Lakini leo fanya mbio, fundi. Saa nane napashwa kuwa ku Beni."

Mara ya tatu wiki hiyo. Jumatatu ilikuwa waya wa betri uliolegea, Jumatano waya wa koili uliochomoka. Leo starta ilizungusha injini, isiwake. Vijana wawili wa taxi-moto, wale wa pikipiki za abiria, ndio walioisukuma gari hadi garajini.

Madame Victorine, mwalimu aliyeletwa Butembo kutoka Kasai, alikuwa amehamishiwa Bunia. Msafara unaosindikizwa na askari ungeondoka Beni saa nane, na mwalimu asiyefika Bunia kwa wakati, nafasi yake ya kazi hupewa mwingine. Mabegi yalijaa kiti cha nyuma.

Melchior aliinama chini ya usukani, akafungua kisanduku cha fyuzi. Alizichomoa moja moja, akiinua kila moja juani aone kama uzi wake umekatika. Nzima. Nzima. Moja ilimponyoka, akaipapasa sakafuni. Mbona yeye mwenyewe anafanya haraka hivi? Miaka miwili alikuwa akiitengeneza gari hii, na kila ilipoondoka, mchana wote uliobaki ulimchosha. Lakini yeye ni mtu wa grisi. Yule ana diplome.

"Umeona?" Victorine alitazama saa, akatazama barabara, akatazama saa tena.

"Bado, Madame."

"Ni saa tano yote sasa!"

Ndipo Melchior akaiona nafasi ya fyuzi ya pampu ya petroli. Tupu.

"Fusible ya pompe imeanguka," alisema. "Ile barabara ya Vuhovi inatikisa mubaya."

Akapachika mpya, akageuza ufunguo. Injini ikawaka papo hapo. Melchior alijifuta vidole kwa kitambaa, akaendelea kuvifuta hata vilipokuwa vimekwisha takata.

"Basi, Madame. Safari muzuri."

Victorine aliingia, akashika usukani. Hakutia gia. Akazima injini.

"Fusible haikuanguka, Melchior. Na ile waya ya batterie haikulegea yenyewe. Ni miye," alisema, macho yake barabarani. "Mara tatu umetengeneza, na hata mara moja haukuniambia nibakie."