Sauti ya Bure

Anayetumia mtandao bure hukubali mtandao uirefushe sauti yake kwa maneno ya ziada, ili tangazo lipate pa kukaa. Ndivyo mama yangu, Bi Mwanahawa, alivyokuwa akinisalimu kutoka Pangani kila asubuhi: "Nakupenda mwanangu, nakuwaza, na uji utie maziwa ya Nyota."

Maziwa hayo yalinichosha. Nikalipia mtandao, simu yake na yangu, nimsikie mama mwenyewe.

Wiki nzima sasa sauti inakuja fupi: "Mama, umekula?" Ananiita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, nilikuwa nimeshasahau. Kisha kikohozi, basi.

Nikampigia. "Shikamoo mama. Mbona siku hizi huniambii unanipenda?"

"Marahaba. Kwani mimi nimewahi kusema hivyo?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe ndiye umebadilika, mama. Zamani ulikuwa unanibembeleza mpaka machozi yananitoka. Sasa ni 'nimekula' tu."

Nikajaribu kukumbuka ni lini nilimbembeleza. Sikukumbuka hata siku moja.

"Nimekula, mama," nikasema.

"Haya."

Kila mmoja akabaki anatafuta maneno yake mwenyewe, na hakuna aliyekata simu.