Foleni ya Nyumba ya Mzee Chambuso

Kila nyumba ilikuwa na akili moja, na akili hiyo ilifanya kazi moja tu kwa wakati mmoja. Bomba, taa, madirisha na mlango wa chuma vilisubiri zamu. Mwenye nyumba ndiye aliyepanga kipi kitangulie.

Mzee Chambuso alikataa fundi. Kitabu cha upangaji alikuwa amekisoma chote, kalamu mkononi. Mashine ya kupumulia ya mkewe, Bi Salome, aliiweka juu kabisa, akaiagiza ishike zamu mpaka imalize.

Pumzi haimaliziki. Tangu juzi bomba halikutoa hata tone, mlango haukufunguka, na ombi la Mzee la kubadilisha mpango lilikuwa kwenye foleni, chini ya pumzi za mkewe.

“Baba, mpini wa nyundo umekatika!” binti yao Neema, mwalimu, alilia akiwa nje ya mlango wa chuma. “Mama anasemaje?”

“Anasema una mikono ya kushika chaki,” Mzee alimtania.

Bi Salome alicheka kidogo, midomo imempasuka kwa kiu. “Baba Neema, nawe umekauka. Acha niutoe huu mpira wa hewa, mashine isimame, upate maji.”

“Ningoje. Nausoma tena ule ukurasa.”

“Umeusoma sana, mume wangu.”

Mzee alisogea kwenye mwanga wa dirisha, akapangusa miwani. Alikuwa bado anautafuta mstari aliokosea aliposikia bomba la jikoni likimwaga maji, kisha mlango ukifunguka taratibu.

“Salome,” aliita, bila kugeuka.