Sweta ya Twiga

Kifurushi cha mama kilikuwa na sweta moja tu. Nikaipima kifuani, mikono yake ikanipita vidole.

Mama hajawahi kukosea vipimo vyangu.

Tangu nianze chuo, kila akinipigia simu namwambia, "Niko darasani, mama," hata nikiwa nimejilaza kitandani. Basi akahamia kwa Twiga, yule mrefu ninayeishi naye chumba kimoja. Wanapiga soga mpaka simu inazima. Jana nilimsikia mama akimwita "mwanangu".

Nikasikia Twiga anakuja koridoni. Nikaivaa upesi.

"Ameituma!" akasema, uso umemchanua. Kisha akaangalia mikono inavyoning'inia. "Mbona mirefu hivyo?"

"Mama anasema bado nakua," nikamjibu, nikifunga kifungo cha shingoni.