Mlango Kwenye Kaseti

Picha za kipindi kile cha safari za angani zilishafutwa zamani. Ilibaki sauti tu, kwenye kaseti ambayo mtu alirekodi kwa redio mbele ya televisheni yake. Mashabiki wakaiinamia spika.

Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Huyo ndiye kiumbe," alisema Shomvi. "Anataka kuingia chomboni."

"Wapi! Ni rubani mwenzao," alibisha Mwanaidi.

Tausi, mgeni wao, alisikia kandambili zikiburuzwa sakafuni, akautambua mwendo wa baba yake. Kumbe kaka yake ndiye aliyerekodi, sebuleni kwao, jioni ile watu walipokuja kumchukua baba.

"Rudisha nyuma," alisema Shomvi. "Tumsikilize vizuri anavyogonga."

Mwanaidi akairudisha kaseti. Kidole cha Tausi kilikuwa kwenye kitufe cha kuzima, kandambili zilipoanza tena kuuendea mlango.